Nafasi Iliyokataa Kubaki Tupu

Mimi habari haikai tumboni, jamani. Siku niliyosikia wale watu wa Semarang wamejitoa, niliteremka ngazi za ofisi mbio, kofia ya pikipiki iko mkononi badala ya kichwani, nikakata mitaa ya Yogya mpaka kwenye duka la dawa anakofanya kazi dada yangu mkubwa Retno, Mbak wangu, kama tunavyowaita dada zetu. Nilimkuta anapanga makopo ya maziwa ya watoto. Ndiyo kazi yake hiyo, kutwa nzima anawauzia wenzake nepi na maziwa, anawauliza mtoto ana miezi mingapi, halafu jioni anarudi nyumbani kwa mumewe, wawili tu.

"Mbak! Gendhis yuko huru!"

Dada aliliweka kopo chini taratibu, kama lina moto.

"Nani kakwambia?"

"Bu Sumiyem mwenyewe, sasa hivi, kwa simu. Wale wa Semarang wamejitoa. Mke ana mimba!"

Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi akasema alhamdulillah, bila hata kujua mimba ni ya nani.

Gendhis ni mtoto wa kike, alikuwa anakaribia miaka mitatu, analelewa kwenye nyumba ya watoto ya Bu Sumiyem, yaani Mama Sumiyem, huko Klaten. Dada na mumewe, Mas Yudhi, Mas ndiyo kaka kwetu, walikuwa wameomba kulea mtoto, wamepimwa, wamehojiwa, wamekaguliwa mpaka choo. Siku ya kwanza kwenda Klaten huyu mtoto alimpanda Mas Yudhi mapajani, akamvua miwani, akaivaa yeye juu chini. Basi, ikawa imekwisha. Wakaonyeshwa watoto wengine, wakasema ndiyo, ndiyo, wazuri, huku macho yako kwa mwenye miwani. Wakawa wanarudi kila wiki, wanamlisha, wanamlaza mchana.

Lakini Gendhis alikuwa ameshaahidiwa watu. Na hao watu walimtaka kwa ajili ya chambo. Kwetu Java ndivyo wanavyosema bibi zetu: mkikaa miaka bila kupata, chukueni mtoto wa watu mumlee, tumbo la mama litaona wivu, nalo litashika. Sasa hawa wa Semarang chambo chao kilifanya kazi kikiwa bado kiko dukani! Hata hawajamchukua, mke kashika mimba. Mama mkwe akasema watoto wawili kwa mpigo atawalea nani. Wakaleta kapu la matunda, wakaomba radhi, wakaenda zao.

"Matunda," dada alisema nilipomsimulia. "Mtoto anaachwa kwa embe na zabibu."

"Si bora kwetu, Mbak?"

"Ni bora. Ndiyo maana naona aibu kufurahi."

Sasa niwaambie kwa nini nilipigiwa simu mimi. Programu inayotumiwa na ile taasisi ya watoto tuliitengeneza sisi, vijana tuliojazana kwenye nyumba ya kupanga karibu na chuo, feni moja, kompyuta juu ya meza za kulia chakula. Kila nyumba ya watoto ina kishikwambi, na mama wa nyumba ndiye anayeandika: jina la mtoto, umri, chanjo, anachokula, na familia aliyoahidiwa. Mahali pa familia pakiwa patupu, mtoto yuko huru. Kikao cha Jakarta kikifika, kompyuta ya makao makuu inatoa orodha ya watoto walio huru, na wazee wanawapanga na wazazi waliokubaliwa. Asiye kwenye orodha hazungumziwi.

Na kikao hicho ndicho kilichokuwa roho ya dada yangu. Mas Yudhi amemzidi dada umri, na taasisi haimpi mtoto mtu aliyefikisha miaka hamsini na mitano. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa inaangukia baada ya kikao hiki na kabla ya kinachofuata. Kwa hiyo ni sasa, au faili linafungwa.

Bu Sumiyem, mama wa nyumba ya Klaten, akafuta jina la watu wa Semarang. Kesho yake akanipigia.

"Niken, mwanangu, hawa watu wa Semarang hawana haya?"

"Wamefanya nini tena, Bu?"

"Nawafuta asubuhi, mchana nawakuta wamerudi, wamekaa palepale kama wenye nyumba."

"Bu, ulibonyeza kuhifadhi?"

"Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Usiniulize kama mtoto wa chekechea, mimi ndiye mwenye chekechea hapa."

Alidhani kuna mtu Semarang ana kishikwambi chake, anajirudisha. Akampigia yule mke, akamsema, yule mke mwenye mimba akalia, Bu Sumiyem naye akaingiwa na huruma, wakaishia kuzungumza kichefuchefu na namna ya kukituliza kwa tangawizi. Jina likafutwa tena. Likarudi tena.

Nikafungua kazi yetu, nikaanza kufuata njia ya jina moja kutoka Klaten mpaka Jakarta. Na niliona, jamani. Niliona mpaka nikajishika kichwa.

Mtoto akiwa ndani ya programu ni kitu kizima, kina sehemu zake zote, na mojawapo ni ile ya familia. Lakini kitu kizima hakipiti hewani kilivyo. Lazima kigeuzwe maandishi kwanza, mstari kwa mstari, yasafirishwe, na upande wa pili yageuzwe kuwa kitu tena. Sasa programu yetu, ikifika kwenye sehemu tupu wakati wa kugeuza, haiandiki chochote. Inaruka. Bu Sumiyem akifuta familia, maandishi yanayofika Jakarta yana jina la mtoto, umri, chanjo, chakula, na kuhusu familia kimya kabisa. Jakarta nayo imefundishwa kwamba usichoambiwa usikiguse. Inawaacha watu wa Semarang pale walipo. Halafu kishikwambi kinauliza Jakarta, nipe habari mpya, nayo inakirudishia Semarang. Yule mama alikuwa anafuta, na kufuta kwake hakukusikika na mtu.

Nikamwendea Mas Bagas, bosi wetu, anakula tempe, vile vipande vya soya, na pilipili juu ya kibodi.

"Mas, programu yetu haijui kusema hakuna."

"Inajua. Inanyamaza."

"Kunyamaza siyo kusema hakuna."

"Niken, wewe ndiye wa kutufundisha habari za kunyamaza?"

Ofisi nzima ikacheka, hata feni nadhani ilicheka. Lakini yeye akanawa mikono akaja kuangalia, na alipoona, hakucheka tena. Akanieleza kwa nini aliamua hivyo. Zamani, kabla sijaajiriwa, programu ilikuwa inatuma kila kitu, tupu na visivyo tupu. Nyumba moja juu kwenye miteremko ya mlima Merapi, mtandao wa kubahatisha, ikaletewa kishikwambi kipya. Hakijamaliza kupokea habari za watoto, kikatuma zake. Nafasi zote tupu. Jakarta ikatii, ikafuta chanjo za nyumba nzima. Watoto wale wakachomwa sindano upya, wote, wanapiga kelele mpaka majirani wakaja.

"Tangu siku hiyo nikasema tupu isiandikwe," alisema. "Bora kitu cha zamani kibaki kuliko kitu cha kweli kipotee."

"Lakini Mas, kuna tupu ya mtu aliyefuta kwa makusudi, na kuna tupu ya kitu ambacho hakijafika. Sisi tumezitupa zote kwenye kapu moja."

"Najua."

"Dada yangu yuko kwenye hilo kapu."

Alinitazama, akasema nitengeneze, lakini nijaribu kwa vishikwambi vyote vya zamani kwanza, asije mtoto mwingine akachomwa sindano kwa ajili ya Retno. Na kikao kilikuwa Alhamisi.

Najua mtauliza, kwa nini msiwapigie simu Jakarta tu? Nilipiga. Karani wa makao makuu, Bu Hesti, ana sauti tamu kama chai ya mji wa Solo.

"Mwenye ruhusa ya kubadilisha familia ni mama wa nyumba peke yake, Mbak Niken. Mimi kitufe hicho hata sikioni. Ninyi ndio mliotutengenezea hivyo."

"Basi waambie wazee kwa mdomo, Bu. Waambie Gendhis wa Klaten yuko huru."

"Samahani, huyo mtoto unamuulizia kama nani?"

Nikakata simu. Taasisi ilitaka kompyuta kwa sababu hiyohiyo: zamani simu zilikuwa zinalia, mjomba wa huyu, shemeji wa yule, na watoto wakawa wanaenda kwa wenye wajomba. Sasa mimi ndiye niliyekuwa mjomba.

Nikakaa nikatengeneza. Nilifundisha programu iandike neno lake rasmi mahali ambapo mtu amefuta kwa mkono wake, na iendelee kuruka mahali ambapo kitu hakijafika. Kule upande wa pili nikaifundisha Jakarta kulielewa hilo neno. Nikajaribu kwa kishikwambi kipya, kwa kilichovunjika kioo, kwa kile cha Merapi. Haikufuta chanjo ya mtu. Jumatano mchana Mas Bagas akasema haya, peleka. Nikapeleka, nikapiga Klaten.

"Bu! Sasa futa! Safari hii hawarudi!"

"Ah, mwanangu, umechelewa. Nimeshawaondoa tangu jana. Wala hawajarudi tena."

"Tangu jana?"

"Tangu jana mchana. Nimekesha nikiwachungulia kama mwizi wa kuku. Hawapo."

Nikamwambia anitumie picha. Akatuma, kidole chake kimeziba nusu ya skrini, lakini Semarang haikuwepo. Nikageuka nikawaambia wenzangu, imeondoka! Wakapiga makofi. Mas Bagas akanunua kahawa ya barafu kwa wote. Nilidhani kazi yangu ilitangulia kufika kwa vipande, mambo hayo hutokea. Sikuuliza imekuwaje jana wakati nimepeleka leo. Nilikuwa na habari mdomoni, jamani, ningeuliza saa ngapi?

Nikampigia dada. Nikamwambia. Nilisikia droo ya duka inafungwa, halafu pumzi yake. Jioni nilipopita kwao, Mas Yudhi, fundi wa karakana ya reli, mtu wa vyuma, alikuwa uani anatengeneza kitanda kidogo cha mti. Dada ameshanunua kandambili za mtoto zenye masikio ya sungura, ameziweka mlangoni kando ya za mumewe. Zilikuwa kama zimezaliwa na zile kubwa.

Alhamisi orodha ikatoka, nami nikaipata kikao kimeshafungwa. Gendhis hakuwemo.

Niliisoma juu mpaka chini, nikaisoma chini mpaka juu. Nikaingia kwenye habari zenyewe, kwenye seva, nikamtafuta mtoto, nikafungua mahali pa familia. Hapakuwa na Semarang. Palikuwa na kistari. Kale kamstari kadogo ka kulala, basi.

Ninyi mnajua jinsi tulivyolelewa hapa. Fomu ya shule, ya hospitali, ya mtaa, popote, mwalimu anakwambia usiache patupu, mtu mbaya atajaza lake. Kama huna jibu, chora kistari. Hata marehemu babu yetu alichora kistari kwenye simu ya pili, barua pepe, na jina la mume. Bu Sumiyem alichoka kufuta, akafanya anachokifanya mtu yeyote mwenye adabu zake. Akachora kistari. Na kistari, kwa kuwa ni kitu, kilisafiri. Kiligeuzwa maandishi, kikafika Jakarta salama salimini, kikamwondoa Semarang kwenye kiti, kikakaa chenyewe. Kwa kompyuta, Gendhis alikuwa amepata familia nyingine. Familia ya Kistari. Kwenye ile picha kilikuwa kimelala chini ya kidole.

"Bu, uliandika kistari?"

"Si ndiyo tupu hiyo, mwanangu?"

"Kompyuta haijui kama ni tupu."

"Kila mtu anajua."

"Kompyuta haijui, Bu."

Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba na kupiga masufuria. Akawafokea wanyamaze, na sikumbuki kumsikia akifoka kabla ya hapo.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemnyima?"

"Hapana, Bu. Siyo wewe."

"Basi nani?"

Nilisema ni mtandao. Wote wawili tulijua siyo mtandao.

Nilikwenda kwa dada kwa miguu, pikipiki niliiacha ofisini. Alikuwa anakaanga vitunguu, akanitazama kupitia dirisha la jikoni nikiwa bado niko getini, akazima jiko.

"Dik, mdogo wangu, leo umekuja unatembea," alisema.

Sikulazimika kusema mengi. Alisikiliza habari ya kistari mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza wateja wanaoeleza maumivu. Aliuliza swali moja tu, kama Gendhis aliambiwa kwamba wao wanakuja. Nikasema hakuambiwa. Akasema afadhali. Halafu akakaa chini palepale jikoni, kwenye sakafu, mgongo ukiegemea kabati, na mafuta ya vitunguu yananuka nyumba nzima.

Mas Yudhi alikuwa uani na msasa wake.

"Mas, umesikia?"

"Nimesikia." Aliendelea kusugua. "Pale karakana treni ikichelewa kidogo tunasema abiria watasubiri. Kumbe wengine hawasubiriki."

"Acha basi kusugua, Mas."

"Kina vibanzi."

"Hakuna atakayekilalia."

Nilisema hivyo, mimi na mdomo wangu. Akapuliza vumbi la mbao, akapapasa ule ubao kwa kiganja.

"Hata kikigawiwa, Niken, lazima kiwe laini."

Tuliandika rufaa. Mas Bagas mwenyewe alisaini maelezo kwamba kosa ni la programu na siyo la wazazi wala la mama wa nyumba. Jakarta wakajibu kwa upole sana, wakashukuru kwa uaminifu wetu, wakasema kanuni ya umri haina dirisha. Siku ya kuzaliwa ya Mas Yudhi ikaja. Mwaka mwingine wowote dada angepika wali wa manjano. Mwaka huo alirudi kazini, akaoga, akalala. Na Klaten hawakuruhusiwa tena. Mtu ambaye faili lake limefungwa haruhusiwi kumzoesha mtoto. Bu Sumiyem aliwaambia getini, analia, na kitambaa chake cha kichwa kimemkaa upande.

Programu sasa inafanya kazi vizuri kabisa. Nimeifundisha hata kukataa kistari. Ukikichora inakuuliza, unamaanisha hakuna? Mas Bagas ananisifu mbele ya wateja. Kikao kilichofuata kilipofika, jina la kwanza kwenye orodha ya walio huru lilikuwa Gendhis. Liling'aa pale juu. Wenzangu hawakupiga makofi. Jioni yake nikaona amepangiwa watu wa Madiun, wanandoa vijana, wote walimu.

Hiyo ndiyo habari pekee maishani mwangu niliyotaka ikae tumboni. Dada ndiye aliyepiga.

"Kikao kimekwisha?"

"Kimekwisha, Mbak."

"Amepata?"

"Amepata. Madiun. Walimu."

"Walimu ni wazuri," alisema. "Wana mbwa?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Anaogopa mbwa. Hata wa kwenye kitabu. Kwenye programu yenu hakuna mahali pa kuandika anachoogopa?"

"Pako. Mahali pa maelezo mengine."

"Pameandikwa nini?"

Nikafungua. Panaonekana peupe kabisa.

"Hapajaandikwa kitu."

"Andika."

"Siruhusiwi, Mbak, mpaka mama wa nyumba."

"Basi mpigie. Mimi sikati."

Nikachukua simu ya Mas Bagas mezani bila kuomba, nikampigia Bu Sumiyem, nikawa na dada sikio hili na Klaten sikio lile. Nikamwambia afungue kwa Gendhis, sehemu ya maelezo mengine. Hakuuliza ni kwa niaba ya nani.

"Anaogopa mbwa," dada alisema.

"Anaogopa mbwa," nikasema.

"A-na-o-go-pa," Bu Sumiyem alijibu, akitafuta herufi kwa kidole kimoja. "Mbwa. Endelea."

"Akisinzia anataka kushika sikio la mtu. Lolote, hata la mgeni," dada aliendelea.

"Hali yai kama limekatwa. Apewe zima."

"Akisema hataki maji, maana yake anataka, lakini kwenye kikombe cha mtu mkubwa."

"Asivalishwe nguo ya kupitia kichwani haraka. Anadhani umemwacha gizani."

Nilikuwa narudia kila kitu neno kwa neno, sauti yangu haina hata chumvi, kama mtu anayesoma matangazo ya stesheni. Mas Bagas alisimama mlangoni, hakuidai simu yake. Bu Sumiyem akaandika, akaandika, halafu akasema, "Niken, inakataa. Inasema pamejaa. Herufi hazipokelewi tena."

Kwenye sikio la pili dada alikuwa anaeleza jinsi ya kumwosha nywele bila povu kumwingia machoni. Sikumkatisha. Nikaendelea kusema ndiyo, Mbak, ndiyo, nimeandika.